Tulizeni moyo kabla ya tonge: barua kwa waja wazito wa Amu

Wanangu wa Langoni, Mkomani, Shela na Matondoni, nanyi mliovuka kutoka Faza na Kizingitini kuja kungojea siku zenu kwa jamaa,

Asalaam alaykum.

Mimi niliyewakanda mama zenu walipokuwa kwenye arubaini, nawaona miezi hii ya kusi mna dhiki. Bahari imechafuka, mume yuko barazani hana cha kuleta, na wewe una mimba ya miezi saba. Usiku usingizi haukujii: ada ya skuli ya mkubwa, deni la dukani, na uchungu ukianza usiku wa manane boti ya kukufikisha hospitali itatoka wapi. Asubuhi mkono unakwenda kwenye mahamri kabla hujajua kama una njaa. Wengine ni kinyume, chakula hakipiti kooni, mnashinda kwa chai ya rangi na udongo wa kutafuna.

Simlaumu hata mmoja wenu. Mwili wenye hofu hutoa homoni ya kotisoli, nayo ikikaa juu siku nyingi huamsha hamu ya vitamu na vya mafuta. Kumwambia mtu wa hali hiyo ajizuie ni kumwongezea mzigo. Kwanza aijue hofu yake.

Mwaka 1979, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts kule Marekani, Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa kuweka akili pale mwili ulipo: kwenye pumzi inayoingia, mguu unaokanyaga, ladha iliyo ulimini. Zoezi linalojulikana sana katika mafunzo hayo ni la zabibu kavu moja tu, inayotazamwa, ikanuswa, ikatafunwa taratibu. Mkunga Nancy Bardacke akayapeleka kwa wajawazito. Baadaye watafiti wa San Francisco waliwafundisha kwa wiki 8 wajawazito wenye kipato kidogo na uzito mkubwa. Dhiki na huzuni zilipungua, na miili yao ikaimudu sukari vizuri kuliko ya wenzao wasiofundishwa. Kilo walizoongeza hazikutofautiana. Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi, maana linatuonyesha kuwa faida ya utulivu haipimwi kwa mizani. Msiingie katika jambo hili mkitafuta wembamba.

Sisi tuna tende. Chukua moja, kaa uani, simu iache ndani. Weka mkono juu ya tumbo, vuta pumzi tatu bila haraka, kisha jiulize: njaa hii inatoka tumboni au kifuani? Ya tumboni huja polepole, na ukiipa wali na mchicha itashukuru. Ya kifuani huja kwa ghafla na inataka kitu kimoja tu, sasa hivi. Ukiona ni ya kifuani, iseme kwa jina: naogopa kujifungua, nimeumizwa na maneno ya wifi, sina pesa. Ukishaisema, kama bado wataka hamri, kaa ule hamri lako kwa raha, ulionje mpaka mwisho. Hakuna kosa hapo. Tende yako nayo itafune mpaka ujue utamu wake unaanzia wapi. Akili itakimbia, irudishe kwenye pumzi bila kuikaripia, hata ikikimbia mara mia. Mnaosali alfajiri kaeni kidogo zaidi juu ya mswala. Saa ile nyumba imetulia na hakuna anayewaita.

Sasa nawageukia kina mavyaa na mashangazi, wenzangu. Tuache kumjazia mja mzito sahani tukimwambia anakula kwa ajili ya wawili. Miezi mitatu ya kwanza hahitaji nyongeza. Ya kati ni kama kalori 340 kwa siku, yaani takriban hamri moja na kikombe cha maziwa, na ya mwisho kama 450. Aliyeanza na uzito wa kawaida hutarajiwa kuongeza kilo 11.5 hadi 16 mpaka kujifungua. Tumbo likiwa kubwa kiungulia humsumbua, basi mpeni kidogo kidogo, na akisema ameshiba mwaminini. Na Ramadhani ikifika, mwenye kujihofia au kumhofia mwanawe ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Asilazimishwe kula kwa kujificha, akimeza mbiombio jikoni.

Mwenye hamu ya udongo amwambie nesi bila haya. Mara nyingi hamu hiyo huandamana na upungufu wa madini ya chuma, na udongo wenyewe huweza kubeba mayai ya minyoo na madini yenye sumu ya risasi. Vidonge vya chuma mnavyopewa kliniki msivimeze kwa chai, chai huzuia madini yasiingie mwilini. Maji ya ndimu au embe husaidia.

Lakini pumzi haileti boti, wanangu. Kichwa kikikuuma sana, macho yakiona ukungu, uso ukivimba, ukiona damu, au mtoto akipunguza kucheza, usikae kutuliza moyo, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Huzuni ikidumu wiki mbili, au mtu akikupiga nyumbani, mwambie nesi. Kuvumilia kimya si utulivu. Na mliokaa visiwani, waume zenu wakazungumze na nahodha sasa, kabla ya mwezi wa nane wa mimba: nauli iwekwe kando, nambari ya simu iandikwe ukutani, na ajulikane ni nani atakayekushika mkono mpaka gatini.

Wasalaam,
Bibi yenu, Langoni, Amu