Msitie sahihi kwanza

Lubumbashi, mwezi wa kumi

Baba Chantal, rafiki yangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi tuko wazima, mama watoto anakusalimu, joto tu ndilo linatutesa. Jakaranda zimechanua, mjini kote chini ni zambarau, na kila mtu anatazama mawingu. Natumaini na ninyi huko Kinshasa hamjambo.

Ujumbe wako kuhusu nyumba ya marehemu baba nimeupata. Unasema wadogo zako wameshakubali bei ya yule mfanyabiashara, umebaki wewe tu kutia sahihi, ila ulitaka kwanza niipitie kwa jicho la fundi. Nimeipitia, nikapanda mpaka juu ya dari. Nikujibu bila kuzunguka: nyumba yenu haijachoka, inanyeshewa tu. Anayewaambia kwamba imekwisha anataka kiwanja, na mimi nikiwa yeye ningesema hivyohivyo.

Kilichowatisha wadogo zako ni ukuta wa upande wa barabara, pale plasta ilipovimba na kudondoka. Nikueleze kilichotokea pale. Nyumba hizi za zamani ni za matofali ya kuchoma, udongo wake ulichimbwa kwenye vichuguu, na vichuguu Katanga haijawahi kuvikosa. Kati ya tofali na tofali waliweka chokaa. Chokaa inaruhusu unyevu kutoka. Ukuta unalowa wakati wa mvua na kukauka wakati wa kiangazi, miaka nenda miaka rudi, bila shida. Kisha akaletwa mtu, nadhani mlipokuwa mkipangisha, akaufunika ukuta wote kwa simenti nzito akidhani anautia nguvu. Sasa maji yanayopanda kutoka chini hayana pa kutokea. Nimegonga kwa mpini wa nyundo kuanzia mlangoni mpaka pembeni, sehemu kubwa ya chini inalia utupu. Nikabandua kipande kwa patasi, na tofali la nyuma yake likanimwagikia mkononi kama unga wa muhogo. Lakini ukipanda juu ya usawa wa dirisha, ukuta ni mkavu. Nilijaribu kuingiza ncha ya ufunguo kati ya matofali, ikagoma.

Kwa hiyo kazi iko chini tu. Tubandue simenti yote, tuwache ukuta ukauke, tutoe matofali yaliyooza na kuweka mengine, kisha tupige lipu ya chokaa, sehemu moja chokaa na sehemu tatu mchanga. Mawe ya chokaa yako Kakontwe, hapo Likasi. Si kitu cha kuagiza ng'ambo. Vijana wa siku hizi wanakimbilia mfuko wa simenti kwa sababu unakauka upesi, na mwenye nyumba anapenda kuona kazi imekwisha Ijumaa.

Paa nalo linatisha kwa kuliangalia kutoka chini, lakini ukiwa juu unakuta mabati machache yameinuka, na mfereji wa kati umejaa majani ya mwembe wenu. Mbao ni ngumu bado, isipokuwa ncha moja juu ya jiko ambayo inabidi ikatwe na kuungwa.

Swali ni maji ya chini yanatoka wapi, na hapo ndipo lazima nitoke nje ya geti. Unakumbuka zamani ulikuwa unapanda ngazi kutoka barabarani mpaka kwenye baraza? Leo unaingia moja kwa moja. Nyumba haikushuka, barabara ndiyo iliyopanda. Kila mara lami ikiharibika wanaweka nyingine juu yake bila kukwangua ile ya chini, na sasa katikati ya njia ni juu kuliko kizingiti chenu. Mfereji wa kando upo, Wabelgiji waliuchimba vizuri, una kina. Lakini vifuniko vyake vimevunjwa watu watoe chuma cha kuuza kwa kilo, halafu shimo lililobaki likawa pa kutupia chupa za plastiki na viroba. Mbele kidogo walichimba kupitisha bomba, wakarudishia udongo mwekundu mtupu, malori yakapita, na sasa pana dimbwi ambalo mvua ya kwanza tu italijaza. Maji yakikosa njia yanaingia kwenu, yanalala chini ya nguzo za baraza. Lami yenyewe inakufa hivyohivyo. Watu wanalaumu uzito wa malori, na kweli yana uzito, lakini lori linapasua barabara ambayo chini yake tayari ni tope.

Wakati wa Mobutu tulichukia salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mji, mimi na wewe tulijificha mara ngapi? Simtamani aliyeileta. Lakini mifereji ilikuwa inazolewa.

Sasa huyo mnunuzi. Amenionyesha picha ya anachotaka kujenga: ghorofa za maduka, uso mzima vioo vya bluu. Nilimuuliza umeme ukikatika mwezi huu wa kumi, wauzaji watakaa humo vipi. Akasema ataweka jenereta. Ndani ya sebule ya baba yako, saa nane mchana, dari ile ya juu na matundu ya hewa chini ya paa, nilikaa nikapoa, wala hakuna mashine iliyokuwa ikinguruma. Mimi si adui wa ghorofa, zimenilisha. Nachukia tu kubomoa kilicho imara ili kujenga kitakachohitaji mafuta kila siku.

Halafu angalia majengo ya mjini yaliyosimama mpaka leo, utaona kitu. Kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo ni la matofali, lipo tangu karibu 1920. Kila Jumapili kuna watu ndani, tone likidondoka mtu analiona. Ile theatre ya Claude Strebelle ya mwaka 1956 ingekuwa pango la popo saa hizi, ila ilipewa kazi: ndiyo Jengo la 30 Juni, wabunge wa jimbo wanakaa humo. Bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, halina kazi nyingi ya kujivunia siku hizi, lakini liko kwenye picha ya kila mtu, nani atathubutu kuligusa. Mlima mweusi wa masalia ya kuyeyusha madini ulio kando yake ndio unaopungua, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanauchakata upya kwa ajili ya kobalti. Nadhani ni kumbukumbu pekee ya mji huu inayoleta pesa kwa kubomolewa.

Sheria ipo, kama uliuliza kwa ajili hiyo. Ordonansi nambari 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali za utamaduni. Lakini nguvu yake ni kwa jengo lililoorodheshwa, na nyumba yenu haimo. Hakuna atakayemzuia mnunuzi akishapata karatasi. Wa kumzuia ni wewe peke yako, na kalamu yako.

Ninachopendekeza ni hiki. Wangermée, yule mtawala Mbelgiji, alipoupanga mji huu mwaka 1910, reli ilipokuwa imefika kutoka Rhodesia, alikata njia zilizonyooka na viwanja vikubwa. Lupango wenu, yaani kiwanja chenu, una urefu ambao huwezi kuupata tena leo kwenye mitaa ya Bel-Air wala Golf. Nyumba inakula mbele tu. Ukipitia upande wa kushoto, pale palipokuwa gereji, unaweza kusimamisha jengo jembamba la ghorofa moja, maduka chini na vyumba juu, bila kugusa ukuta hata mmoja wa zamani. Baraza la mbele mpangishe mtu wa mkahawa au duka la dawa; wanapenda baraza, wateja wanakaa kivulini. Kodi yake mgawane na wadogo zako, ndiyo itakayowatuliza. Bei ya kuuza inaliwa mara moja, kisha mtaanza kulaumiana nani alichukua nini.

Kuna jambo moja ambalo wadogo zako watalipinga, nalo ni boyeri ya nyuma, vile vyumba vya kulala maboi, watumishi wa nyumbani. Kila mtu anayekarabati nyumba mjini huanza kwa kuivunja boyeri, anaona ni aibu au ni vibanda tu. Mimi ningeiacha. Babu yako alilala mle alipokuwa mpishi wa Mgiriki, wakati mtu mweusi asiye na kazi ya uboi mahali pake palikuwa Kamalondo, mtaa wa Waafrika, ng'ambo ya ule ukanda mtupu wa mita 700 hivi waliouweka kati yetu na wazungu. Baba yako alinunua nyumba kubwa, lakini alikuwa amejua kutambaa nyuma ya jiko. Wageni wanaokuja na kamera zao wanapiga picha nguzo za mbele na kurudi. Chumba kile chenye dirisha dogo lililo juu, ambalo mtu akilala haoni uani, hakuna anayekitazama. Kuta zake ni za tofali lilelile la kichuguu, na afadhali zenyewe, hakuna aliyezipaka simenti. Muweke mlinzi chumba kimoja, kingine kiwe ghala la duka.

Mambo ya barabara hatuyawezi peke yetu. Nimezungumza na majirani watatu wa mstari wenu, wawili wamekubali kuchangia vifuniko vya zege visivyo na chuma kinachoonekana, na kuzoa mfereji mpaka kwenye kona. Wa tatu anasema hiyo ni kazi ya serikali. Ana haki, ila maji hayaingii serikalini, yanaingia kwake.

Sasa nakusubiri wewe. Mvua ikishika hatutaweza kubandua ukuta mpaka mwezi wa nne, kwa hiyo kwa sasa naomba ruhusa ya paa na mfereji tu. Fundi wa mabati anataka nusu ya pesa mkononi ndipo apande, na ngazi ninayo mimi. Wapigie wadogo zako kabla ya Jumapili, waambie mnunuzi asubiri, wala usimwambie hapana moja kwa moja, maana akikasirika anaweza kununua lupango wa jirani na kuwafungia mwanga.

Nisalimie mama Chantal na watoto. Ufunguo wa geti uko kwangu.

Ni mimi,
Baba Christian