Risala ya Kikundi cha Wenye Maradhi ya Kudumu kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, madaktari, wauguzi na wafamasia mliopo, ndugu wanachama, mabibi na mabwana,

Karibu sana. Salamu tunazifupisha, maana wenye kisukari miongoni mwetu wana saa zao za kula na za sindano.

Mheshimiwa, mgonjwa asiyefuata dozi huitwa mkaidi. Sisi tunasema mara nyingi huyo kapiga hesabu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri ni kama nusu tu ya wenye maradhi ya kudumu wanaofuata matibabu walivyoelekezwa.

Hesabu yenyewe ni hivi: vidonge 30 vya mwezi vinavutwa vifike siku 60, leo anameza, kesho anaacha. Presha haiumi, kwa hiyo siku ya kuacha anajiona mzima kama siku ya kumeza, na hapo ndipo anapoamini kuwa nusu inatosha. Mwingine hukata kidonge. Vidonge vingi vinavyoachia dawa polepole havikatwi ovyo. Kikivunjwa, dawa ya kutwa nzima huweza kumwagika kwa mkupuo, baadaye mwili ukabaki mtupu. Mwenye kifafa akiruka dozi, kifafa huweza kumwangusha tena. Na dawa za moyo kama atenololi zikikatishwa ghafla huweza kuleta maumivu makali ya kifua.

Insulini, dawa ya sindano ya kisukari, ina masharti kuliko zote. Chupa isiyofunguliwa hukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Ikiganda hata mara moja ni ya kutupwa, hata kama ikiyeyuka inaonekana safi. Ikishafunguliwa, aina nyingi hudumu takriban wiki 4. Anayeibania chupa moja imfikishe mwezi wa tatu anajidunga dawa iliyopungua nguvu, sukari inapanda, halafu anakemewa kwamba amekula ovyo.

Zipo gharama zisizoonekana kwenye risiti ya dawa: nauli, kutwa ya kazi iliyopotea, mtu wa kumsindikiza mgonjwa. Mashine ya kupimia sukari hununuliwa mara moja, vijiti vyake havina mwisho. Ndiyo maana mashine nyingi zimelala kabatini.

Si kila nafuu inahitaji fedha, Mheshimiwa. Kidonge cha kupunguza maji mwilini kikimezwa jioni, mtu anakesha akienda haja ndogo. Daktari akikihamishia asubuhi, analala. Metformini, kidonge cha kisukari, inayochafua tumbo hutulia zaidi ikimezwa pamoja na chakula na dozi ikipandishwa taratibu. Asipoulizwa analalaje na tumbo lake likoje, mgonjwa huacha dawa kimyakimya.

Tunaomba utusemee mambo haya. Aliyetulia kwenye dawa apewe ya miezi 3 kwa safari moja. Inapofaa, dawa mbili za presha ziwe kwenye kidonge kimoja. Cheti kiandikwe jina la dawa yenyewe, si la kibiashara, ili mgonjwa aweze kununua ya bei nafuu yenye kiini kilekile. Na dirishani tusiulizwe, “Unameza dawa vizuri?” Swali hilo lina jibu moja tu. Tuulizwe, “Katika siku 7 zilizopita, ni ngapi hukumeza, na kwa nini?”

Tunaomba kuwasilisha.