Vyumba vyetu vya Mbagala

Wana-group habari za jioni, jana nimepita site, chumba namba 4 bado kitupu mwezi wa pili huu na dari limeanza kuchora ramani juu ya mlango, fundi anataka laki na themanini, bati juu yetu. Sasa jamani rejesho la mkopo wa benki halijui kama chumba kina mtu au hakina, tarehe 28 linakatwa tu, kwa hiyo ile kodi ya miezi sita tuliyopokea namba 2 naombeni tusiigawane (najua mnavyoitolea macho 😂). Mpangaji mpya akipatikana dalali anakula ya mwezi mmoja. Halafu LUKU ya umeme ikikatwa 1,500 kwa mwezi ni kodi ya jengo ya serikali, hakuna aliyeila, muacheni mama wa watu.