Mhariri, hizo picha za bahari huwa mnapiga saa ngapi?

Mhariri,

Salamu kwako na wenzako wote hapo ofisini. Mi ni msomaji wenu wa miaka mingi na sijawahi kuandika barua hata siku moja, leo imebidi. Ni ile makala yenu ya safari ya juzi, kurasa mbili nzima za rizoti za visiwani, mashuka meupe, bwawa lile linaloonekana kama linamwagikia baharini, na bahari yenyewe ya bluu mpaka macho yanauma. Nimeisoma mpaka nukta ya mwisho natafuta neno moja tu, maji kupwa. Halimo. Yani hata kwa bahati mbaya halimo.

Mtaniuliza kwani lina nini. Ngoja niwaambie yaliyonikuta.

Mi na mama watoto tulitimiza miaka kumi ya ndoa, tukajikusanya tukajikusanya tukasema safari hii na sisi tukalale pazuri, usiku nne, kwenye rizoti ya kisiwani (jina naliacha, sina ugomvi nao, na wahudumu wao walikuwa watu wazuri kweli). Chumba tulichobuku ni kile cha kutazama bahari kabisa, sio cha kutazama bustani, na tofauti ya vyumba hivyo viwili wanaoijua ni wale walioilipia. Tumefika saa kumi jioni, maji yamejaa mpaka yanalamba ngazi za baraza, mama watoto akasimama pale hata mkoba hajautua, akasema leo tumechoka tupumzike, kesho asubuhi baada ya chai ndo tunaingia, tunaogelea mpaka mchana. Nikapiga picha moja. Hiyo picha mtaiona.

Kesho yake saa nne asubuhi tumetoka na taulo, miwani ya kuzamia, mafuta ya jua tumejipaka mpaka masikioni, bahari hakuna. Sisemi imechafuka, nasema hakuna. Mchanga, afu tope, afu mwamba wenye majani ya kijani, afu mbali kule kamstari keupe ka mawimbi yanavunjikia. Vile viboti vya kayaki vimelala ubavu kama ng'ombe waliochoka. Mi nikawa mbishi nikasema tuyafuate maji huko huko yaliko, tukatembea dakika ishirini nzima, maji yakafika kifundo cha mguu, na hapo hapo nikakanyaga yule mdudu wa baharini wa duara, mweusi, mwenye miiba kama nungunungu. Asiyewahi kumkanyaga asinihadithie maumivu. Ile miiba ukiivuta inakatikia ndani, wakaniloweka mguu kwenye maji ya moto, moto wa kuvumilia, ndo maumivu yakapungua. Siku ya kwanza ya sherehe yetu hiyo.

Mapokezi nikaenda nachechemea, nikauliza bahari inarudi lini, yule dada akacheka kwa adabu akasema, "Inarudi yenyewe tu bosi, mchana mchana hivi." Aliyenipa maelezo yenye kichwa na miguu ni mzee mmoja anayekwangua mwani ufukweni kila asubuhi. Nikamwamkia, akaniuliza, "Mwanangu, jana usiku uliuangalia mwezi?" Nikamwambia niliuona mkubwa mzuri. Akasema basi ndo huo, mmekuja na bamvua.

Kumbe jambo lenyewe halina uchawi. Maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, toka kujaa mpaka kupwa ni saa sita na dakika chache, na kila siku yanachelewa kama dakika hamsini kuliko jana. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama ndo inakuja bamvua, yanajaa sana na yanatoka sana, na katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Sasa sikiliza hii ambayo mi nilikuwa siijui kabisa na nina uhakika mwandishi wenu naye haijui: mahali pamoja, bamvua huwa linaangukia saa zile zile mwaka mzima. Pale tulipokuwa, mwezi ukijaa, maji yanajaa saa kumi yanapwa saa nne, leo, mwezi ujao, mwakani. Yani mtu akibuku siku za mwezi mpevu apate mapenzi ya mbalamwezi, amejibukia mwenyewe ufukwe mkavu asubuhi zote. Angesogeza wiki moja tu mbele angekuta saa nne hiyo hiyo maji yapo kifuani. Wiki moja, Mhariri! Na kalenda za mwezi zimejaa kwenye simu.

Mtasema si maji yalikuwa yanarudi mchana. Yalirudi ndio, lakini mchana wa kwanza mi mguu uko kwenye beseni, wa pili tulikuwa tumeshalipia safari ya boti, wa tatu mvua ilinyesha tangu saa nane mpaka giza. Hizo ndo hesabu za usiku nne, haziachi nafasi ya kubahatisha.

Afu kuna hili la picha, ndo lililonifanya nishike kalamu. Makala yenu inazungumzia visiwa kwa ujumla, "visiwa vya joto" mmeviita, lakini picha kubwa ya juu ni zile nyumba za makuti zilizosimama kwenye nguzo ndani ya maji. Nyumba hizo zilianzia kisiwa cha Raiatea, Polinesia ya Ufaransa, kule Bahari ya Pasifiki, mwaka 1967, wakazijenga Wamarekani watatu wenye hoteli kwa sababu pale walipokuwa hapakuwa na ufukwe wa mchanga wa maana, wakaona basi wageni walale juu ya maji yenyewe. Akili nyingi. Ila iliwezekana kirahisi kwa sababu maji ya kule karibu hayatembei. Tahiti, jirani yake, kujaa na kupwa kunatofautiana sentimita thelathini hivi, na eti yanajaa mchana saa sita na usiku saa sita karibu kila siku, yanafuata jua badala ya mwezi. Maldivi ni kama mita moja. Sehemu kubwa ya Karibi nusu mita haifiki. Huku magharibi ya Bahari ya Hindi, mwambao wa Afrika, bamvua linapanda na kushuka mita nne hivi, jenga nguzo zako hapo uone utakavyoamka juu ya tope na kaa wanakuchungulia. Kwa hiyo msomaji anaangalia picha ya bahari isiyoondoka, anaenda kulala kwenye bahari inayoondoka, akirudi analaumu hoteli.

Mi hoteli siilaumu sana. Picha yao ni ya kweli, bahari ile ipo, ipo kwa saa kadhaa. Na kuna zilizojiongeza, zimejenga gati refu linalovuka mwamba mpaka kwenye kina, unashuka ngazi unaogelea hata maji yakiwa yamepwa. Hilo ndo la kuuliza kabla ya kulipa, achana na idadi ya mito kitandani. Uliza pia ufukwe unaangalia upande gani wa upepo, maana kisiwa kimoja hicho hicho upande mmoja bahari imetulia kama uji umepoa na upande wa pili mwani umejaa mpaka magotini. Kule Karibi tangu 2011 kuna mwani wa kahawia unakuja mwingi mno miaka fulani, unaoza ufukweni na harufu yake ni ya mayai viza. Hilo nalo kwenye makala zenye picha nzuri silioni.

Nisiwe mkorofi tu, na maji kupwa nayo yana utamu wake. Siku ya tatu nilivaa viatu vya mpira nikaenda na yule mzee taratibu, akanionyesha vidimbwi kwenye mwamba, pweza yumo humo anakuchungulia kwa jicho moja, samaki nyota wekundu, kombe za kila rangi. Kila nikitaka kukanyaga tumbawe ananivuta shati. Yale ya mviringo yanakua kama sentimita moja tu kwa mwaka, kwa hiyo lile la ukubwa wa beseni nililotaka kulifanya ngazi lilikuwa limeanza kabla mi sijaanza shule. Mngeandika na hayo watu wangeenda wamejiandaa.

Ninachoomba ni kitu kidogo. Mkiandika tena kuhusu rizoti ya ufukweni, wekeni mstari mmoja pembeni, hapa maji yanashuka mita ngapi na siku za bamvua yanapwa saa ngapi. Mstari mmoja tu, hamtapunguza hata tangazo.

Siku ya kuondoka yule mzee alinigongea saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, jua bado, akasema tokeni sasa hivi. Maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye ngazi, yametulia kimya. Mama watoto aliingia na khanga yake hivyo hivyo, tukakaa humo mpaka vidole vikakunjamana, tulipotoka kula chai maji yalikuwa yameshaanza kurudi nyuma.

Nimewatumia picha mbili pamoja na barua hii, moja ya saa kumi jioni na moja ya saa nne asubuhi. Kitanda ni kile kile, mnazi ni ule ule. Mkiichapa barua naomba zikae pamoja.

Msomaji wenu,
mwenye mwiba mmoja bado kisiginoni