Barua ya malalamiko: Kamba ya simu iliyokatikia mwambani na dhihaka niliyoipata kauntani kwenu

Kwa Meneja Mkuu,
Makao Makuu,
Nairobi.

Bwana/Bibi,

MINT: KAMBA YA USALAMA YA SIMU KWA WAPANDA MIAMBA

Barua hii nimeiandika mara tatu na kuichana mara mbili, kwa sababu maneno yaliyonijia kwanza hayakuwa maneno ya kumwandikia mtu nisiyemfahamu. Nimejitahidi kuyalainisha, na nakuomba uisome hadi mwisho kwa utulivu ule ambao mimi nimelazimika kuutafuta kwa siku kadhaa.

Jumatatu iliyopita, mwendo wa saa tano asubuhi, nilisimama kwenye kaunta ya duka lenu pamoja na mdogo wangu, ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa umening'inizwa shingoni kwa kitambaa cha hospitali. Niliweka kauntani risiti, pakiti, mabaki ya kamba na simu iliyopasuka. Mhudumu wenu aliinua kile kipande cha kamba kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika panya mfu mkiani, akakigeuzageuza mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni, kisha akauliza kwa sauti iliyofika mlangoni: "Dada, kwani nyinyi ni nyani? Simu hubebwa mfukoni, haipandishwi majabali." Foleni ikacheka, naye akacheka nayo. Baadaye akaniambia kwamba huenda niliitupa simu makusudi ili kampuni initafutie nyingine, akaniagiza nisogee kando kwa kuwa wateja walikuwa wanangoja. Risiti yangu ilikuwa mbele ya macho yake wakati akisema neno hilo, wateja.

Bwana Meneja, nyinyi ndio mliochapa kwenye pakiti picha ya mtu aliyening'inia ukutani mwa jabali huku simu ikibembea kiunoni mwake, na chini yake mkaandika kwa herufi kubwa kwamba kamba hii ni imara kwa wapanda miamba. Sikuipata kwenye rundo la bidhaa za jikoni nikaamua mwenyewe kwenda nayo mlimani. Nililipa shilingi 2,450 kwa sababu ya maneno hayo, na muuzaji wenu wa siku hiyo, ambaye alikuwa mtu mwungwana sana, alinihakikishia kwamba wapandaji wengi wanaichukua.

Yaliyotokea Jumapili ya kabla ya Jumatatu hiyo ni haya. Tulikuwa katika mbuga ya Hell's Gate, Naivasha, kwenye Mnara wa Fischer, lile jabali lililosimama peke yake kwa urefu wa takriban mita 25, si mbali na lango la Elsa. Mdogo wangu alikuwa chini ameshika kamba yangu ya kupandia kupitia kifaa cha breki, nami nilikuwa nimefika kama mita 18 juu, mahali penye kibao cha jiwe ambapo mtu anaweza kusimama kwa miguu yote miwili. Pembeni mwangu palikuwa na jiwe lililolegea, la ukubwa wa sufuria ya ugali, na nilitaka kulipiga picha ili wapandaji waliokuwa wakingoja zamu yao walikwepe. Nilijiweka sawa, nikaitoa simu mfukoni ikiwa imefungwa kwa kamba yenu, nikapiga picha moja. Nilipokuwa nikiirudisha ilinitoka mkononi, jambo linalompata kila mtu mwenye jasho na unga wa chaki vidoleni, na ndilo hasa jambo ambalo kamba yenu iliuzwa ili kulizuia. Simu ilishuka hadi kamba ikanyooka. Nilisikia mlio mdogo wa uzi unaochanika, kisha kamba ikanirudia tumboni ikiwa tupu.

Nilipiga kelele, "Jiwe!" kwa kuwa ndilo neno tunalolitumia kitu chochote kinapoanguka, hata kama si jiwe. Pimbi waliokuwa wakiota jua chini ya mnara walitawanyika. Mdogo wangu alifanya kile alichofundishwa, yaani hakutazama juu, alijibana ukutani na kuuelekeza utosi wake, uliokuwa na helmeti, kule hatari inakotoka. Kitu kinachoanguka kutoka mita 18 hufika chini kwa muda usiotimia sekunde 2, kikiwa na mwendo wa kama kilomita 67 kwa saa. Simu yangu na kava lake vina uzito wa karibu gramu 200. Vilimpata begani kushoto na kuutia ufa mfupa wa mtulinga.

Sasa naomba uelewe jambo moja ambalo mhudumu wenu hakutaka kulisikia. Wakati simu ilipompiga, mimi nilikuwa nimekwisha kuteleza kutoka kwenye kile kibao kwa mshtuko, na uzito wangu wote ulikuwa kwenye kamba ya kupandia. Mkono wake wa kulia, mkono wa breki, haukuachia. Kijana aliyevunjika mfupa alinishusha taratibu, mita kwa mita, hadi miguu yangu ikagusa ardhi, ndipo akakaa chini na kuanza kutapika kwa maumivu. Huyo ndiye aliyeitwa nyani mbele ya foleni yenu.

Najua mtasema sikuitumia bidhaa ipasavyo, kwa sababu ndivyo sauti ya kike iliyopokea simu yangu Jumatatu ileile mapema, kabla sijafunga safari ya kuja Nairobi, ilivyosema kabla hata sijamaliza kueleza. Basi nieleze. Kile kitambaa chembamba kinachoingia kati ya simu na kava na kutokeza kwenye tundu la chaji nilikiweka kama mchoro wa pakiti unavyoonyesha. Kava langu ni gumu, linabana pembe zote nne, na mpaka leo halijaachana na simu. Ncha ya pili niliifunga kwenye kitanzi cha vifaa cha mkanda wangu wa kupandia, pembeni, mbali na fundo la kamba. Kava halikuteleza na mkanda wangu haukuachia kitu. Kilichoachia ni mshono unaounganisha kile kitambaa na kitanzi cha kamba. Nimeutazama mshono huo kwa kioo cha kukuzia cha fundi saa wa jirani yetu: ni mstari mmoja, mishono sita, bila kurudiwa na bila fundo mwishoni, na nyuzi mbili zilikuwa zimeungua kabla ya kuuzwa, kwa kuwa ncha zake ni nyeusi na zimegandia chini ya gundi ya kiwandani. Hata begi la shule la bei ya chini hushonwa mara mbili kwenye mpini.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo lililonifanya nisilale. Kwenye ile karabina ndogo, yaani kile kibanio cha chuma cha kamba yenu, mmebandika stika yenye nembo ya kampuni yenu. Nilipoitoa kwa ukucha, chini yake nilikuta maneno ya Kiingereza yaliyogongwa kwenye chuma chenyewe, yakionya kwamba si ya kupandia. Karabina ya kweli ya mpandaji huwa imegongwa ubavuni nguvu inayohimili, kwa kilonyutoni. Hii yenu ni ya kufungia funguo. Sidai kwamba karabina ndiyo iliyokatika. Nauliza ni nani katika kampuni yenu aliyeona onyo hilo, akaagiza lifunikwe kwa stika, kisha akaagiza pakiti ichapwe picha ya mtu aliye jabalini. Kama ni bahati mbaya, nionyesheni bahati hiyo ilivyofanya kazi.

Pengine mwaona simu ni pambo, na mtu aliye mwambani angeiacha garini. Kwetu simu ndiyo njia ya kupiga 999 au 112 mtu anapovunjika mguu mahali ambapo gari halifiki. Ndiyo yenye M-Pesa ya kulipia gari la kwenda hospitali, na Jumapili ile, simu yangu ikiwa vipandevipande, ilibidi nimwombe mgeni asiyenijua anilipie hadi nitakapopata namna ya kumrudishia. Ndiyo maana tunataka kupanda nayo, na ndiyo maana nilikubali kulipa bei yenu ilhali ningeweza kushona kifuko cha zipu na kukifunga kwa kamba ya milimita 3 yenye fundo ninalolijua, kama wafanyavyo wapandaji wa zamani.

Narudi kauntani, kwa maana akili yangu hainiachi niondoke pale. Mhudumu alipouliza kama sisi ni nyani, mdogo wangu alidhani hajaeleweka. Yeye ni mtu wa kuamini watu. Akasogea, akafungua vifungo viwili vya shati kwa mkono wake mmoja, polepole, ili aonyeshe uvimbe na ile rangi ya zambarau iliyokuwa imeshuka kutoka begani hadi kifuani. Mhudumu wenu hakuinua hata macho vizuri. Alisema, "Tumeona, funga shati, hapa si zahanati." Hapo ndipo foleni ilipocheka mara ya pili. Kijana wa watu akabaki akihangaika na vifungo, maana kufungua kwa mkono mmoja ni rahisi kuliko kufunga, na mimi nikawa namfungia shati mbele ya watu kama mtoto wa chekechea, huku kipande cha kamba yenu kikiwa bado kinabembea kwenye vidole vya yule mhudumu. Alikuwa bado amekishika aliponiambia kwamba nilitupa simu makusudi. Msimamizi wa zamu alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo, amevaa beji, akitazama. Nilimwangalia. Akageuka, akaanza kupanga chaja kwenye rafu.

Nyinyi mnayajua masharti yaliyochapwa nyuma ya risiti zenu kuliko mimi, na mnajua yanasema nini kuhusu bidhaa yenye hitilafu inayorudishwa ndani ya siku 14. Nilikuwa siku ya 9. Asubuhi ile sikuja kudai zaidi ya shilingi zangu 2,450 na neno la pole kwa mdogo wangu, na kama mngenipa hayo mawili ningerudi Naivasha nikiwashukuru.

Leo hayo hayatoshi. Nadai bei ya kamba, shilingi 2,450. Bei ya simu, shilingi 38,000, ambayo risiti yake nimeiambatisha. Na gharama ya matibabu pamoja na picha ya eksirei, shilingi 11,600. Aidha, mdogo wangu ni fundi wa pikipiki anayelipwa kwa siku, na daktari amemzuia kufanya kazi kwa wiki 6. Kwa shilingi 1,200 kwa siku, siku sita kwa wiki, hiyo ni shilingi 43,200. Jumla ni shilingi 95,250. Nadai pia barua ya kumwomba radhi, iliyoandikwa kwa jina lake wala si kwa jina langu, na itiwe sahihi na wewe mwenyewe, si na yule mhudumu, ambaye huenda alifundishwa hivyo na wale waliogeuka kupanga chaja.

Nilikuwa nimekusudia kukomea hapo. Lakini jana mwenzetu mmoja alipita dukani kwenu akaniambia kwamba kamba zile bado zimetundikwa karibu na mlango, kwa picha ileile na kwa bei ileile. Kwa hiyo naongeza dai jingine, na hili silipunguzi hata mkinilipa kila senti: ziondoeni kwenye rafu, na bandikeni mlangoni tangazo la kuwaita waliozinunua wazirudishe. Mwingine huenda hatakuwa na ndugu asiyeachia kamba.

Nawapa siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Zikipita bila jibu, nitapeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na mabaki ya kamba, mshono wake na ile karabina nitayafikisha kwa Shirika la Viwango, KEBS, wayachunguze. Kisha nitafungua shauri katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na hutakiwa kisheria kuyaamua ndani ya siku 60. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mlaji haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya kufidiwa anapopata hasara au jeraha kutokana na kasoro ya bidhaa. Sheria ya Kulinda Walaji ya mwaka 2012 nayo inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu matumizi ambayo bidhaa inayafaa. Mahakamani sitadai shilingi 95,250 pekee. Nitadai pia fidia ya maumivu na ya aibu ile ya kauntani, na nitaomba mkanda wa kamera iliyo juu ya kaunta yenu uchezwe mbele ya hakimu, sauti na picha. Tafadhali hakikisheni haufutwi.

Mabaki ya kamba ninayo mimi, ndani ya bahasha iliyofungwa, na sitayakabidhi kwa yeyote wa kampuni yenu bila stakabadhi yenye mhuri. Picha zake, nakala za risiti zote na ripoti ya daktari nimeziambatisha hapa.

Nijibuni kwa maandishi. Simu mpya bado sijanunua.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu,
Naivasha.