Barua kwa Mwanangu Kutoka Alagna

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko chuoni. Kwa kuwa umechagua kusomea usanifu wa majengo, nakuandikia kuhusu Alagna, kijiji kilicho mwisho wa bonde la Valsesia kaskazini mwa Italia, chini ya mlima Monte Rosa, kwa maana sijaona mahali pengine ambapo nyumba zinaeleza maisha ya wenyewe kwa uwazi kama hapa.

Walioanzisha kijiji hiki ni Wawalser, watu wa lahaja ya Kijerumani, ambao wazee wao walitoka Valais, katika Uswisi ya leo. Katika karne ya 13 walivuka milima wakafyeka misitu na kulima mabonde ya juu ambayo wengine hawakuyataka. Wenye ardhi, wakiwemo watawa na makabaila, waliwapangisha kwa mkataba uliorithiwa na watoto na wajukuu, nao wakabaki watu huru wakati wakulima wengi wa Ulaya walikuwa wakimilikiwa pamoja na mashamba. Usilipite jambo hili haraka, mwanangu, kwa sababu mtu hujenga kwa moyo wote pale anapojua kwamba mjukuu wake hatafukuzwa.

Katika kitongoji cha Pedemonte kuna nyumba iliyojengwa mwaka 1628, ambayo sasa ni makumbusho. Chini ni kuta za mawe, na humo watu na ng'ombe walikaa jirani kabisa, ili joto la mifugo liwafae binadamu katika miezi mirefu ya theluji. Juu ya mawe hayo yamelazwa magogo ya mti wa jamii ya msonobari, yakachongwa pengo kwenye ncha ili yakamatane pembeni. Sogea uitazame pembe moja kwa karibu: gogo limeingia ndani ya gogo, na mbao za upande wa jua zimeungua rangi hadi kukaribia weusi. Huko juu ndiko walikolala, na juu zaidi ndiko walikoweka akiba.

Nje, roshani pana inaizunguka nyumba, na imefungwa fito za mlalo toka chini hadi juu. Watalii huzipiga picha kama pambo, lakini hicho ni kichanja. Kiangazi cha milimani ni kifupi na mvua haina taarifa, hivyo majani ya mifugo na nafaka viliwekwa kwenye fito hizo, vikakaushwa na upepo huku paa lililojitokeza mbele likivikinga. Paa lenyewe ni la mabamba ya mawe, mazito kupita kiasi. Ng'ambo ya mlima, huko Gressoney, makazi mengine ya Wawalser, ghala lilisimamishwa juu ya nguzo fupi zenye jiwe bapa la mviringo kichwani, na panya aliyepanda nguzo aligota kwenye jiwe akarudi chini. Ufundi wa namna hiyo naupenda kuliko makasri yote niliyopata kuonyeshwa.

Kinachoniumiza ni kwamba lahaja yao, Titschu, imebaki na wazungumzaji wachache, na nyumba nyingi hufunguliwa wakati wa likizo tu. Wageni wengi hupita moja kwa moja kwenda kupanda gari la kamba linaloelekea kwenye theluji. Nyumba iliyobuniwa kwa ajili ya ng'ombe, majani na familia nzima hupoteza kazi yake ikikaa tupu, hata ikitunzwa vizuri namna gani.

Ukija, usiishie kijijini. Panda kwa miguu hadi bonde la Otro, ambako magari hayafiki, uone nyumba hizo zikiwa bado katikati ya malisho yake. Chukua futi kamba, penseli na daftari la michoro, upime roshani moja na pembe moja ya magogo. Kisha unieleze kwa mahesabu yako jinsi mbao zile zinavyolibeba paa la mawe pamoja na theluji iliyolala juu yake, kwani hilo natamani sana kulielewa.

Ni mimi,
Baba yako akupendaye