Barua kwa Mjomba: kasa mmoja, mikataba minne

Bonn, Ujerumani

Kwa Mjomba mpendwa, Mombasa,

Shikamoo. Ama baada ya salamu, sisi huku tu wazima. Umeniuliza kwa nini maafisa wa idara tofauti huja dikoni, kila mmoja kwa wakati wake, kuwauliza habari za kasa wale wale, na kama hawa wakubwa ninaofanya nao kazi huwa wanazungumza.

Chanzo ni kwamba kasa huyo mmoja amewekwa chini ya mikataba kadhaa. CITES, mkataba wa mwaka 1973 wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, unapiga marufuku kumuuza nje ya nchi kibiashara, na ndio uliozima soko halali la kimataifa la magamba ya kasa aina ya ng'amba. Mkataba wa wanyama wanaohama, uliotiwa saini hapa Bonn mwaka 1979, unazitaka nchi anazopitia zimlinde safarini. Ule wa bayoanuwai, wa mwaka 1992, unahusu viumbe vyote pamoja na makazi yao. Na akifika kwenye delta ya Mto Tana, hapo pamelindwa na Mkataba wa Ramsar, ule wa ardhioevu, tangu mwaka 2012. Ofisi za mikataba hiyo minne ziko Geneva, Bonn, Montreal na Gland, na kila moja hudai ripoti kwa fomu yake.

Wakuu wa sekretarieti hizo wana kundi la uratibu tangu mwaka 2004 (mikutano, Mjomba, hapa haikosekani). La maana zaidi, kwa maoni yangu, ni makubaliano ya Montreal ya Desemba 2022, yenye malengo 23, mojawapo likiwa kuhifadhi asilimia 30 ya nchi kavu na bahari ifikapo mwaka 2030, kwa kuwa sasa mikataba yote ina kipimo kimoja cha kurejelea.

Wako wanaosema iunganishwe iwe mmoja. Sioni njia, maana wanachama wake si wale wale: Marekani imo katika CITES, lakini haijaridhia ule wa bayoanuwai. Linalowezekana ni taarifa kukusanywa mara moja na kutumiwa na wote, na hilo haliamuliwi Bonn, bali na idara zetu wenyewe huko nyumbani. Kwa hiyo kamati ya ufuo ikikutana, pendekezeni daftari moja la viota na kasa walionaswa nyavuni, na kila afisa ajaye apewe nakala ya hilo hilo.

Nisalimie mkaza mjomba na watoto.

Wasalaam,
Mpwa wako